Mnada Umeisha kwa 100, Mkononi Umebaki na Ngapi? Mwongozo Kamili wa Gharama Zilizojificha Unapouza Vitu Vilivyotumika Mtandaoni

Dakika tano za mwisho za mnada zina raha yake. Dau limekaa kwenye 62 siku nzima, linapanda mpaka 71, linatulia, halafu sekunde za mwisho linaruka mpaka 100. Muuzaji anaishika 100 hiyo kichwani na kuanza kuipangia matumizi. Wiki tatu baadaye, pesa ikishaingia benki na kila mwenye chake ameshakata, anakuta 73, au 60, au pungufu ya hapo. Hajui nyingine imeenda wapi, kwa sababu haikuenda mahali pamoja. Ilivuja tone kwa tone kwenye kamisheni, boksi, mizani ya kampuni ya usafirishaji, tofauti ya kubadili fedha, na mnunuzi mmoja aliyerudisha mzigo.

Nimeuza vitu vyangu vya zamani kwa minada kwa miaka mingi: redio, kamera, vitabu, simu, vyombo. Karibu kila hasara niliyopata ilitokana na kosa moja, nalo ni kutangaza kwanza na kuhesabu baadaye. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Kwenye mifano natumia 100 bila kutaja sarafu ili uweke fedha yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta bei iliyolipwa, siyo bei inayoombwa

Ukiingiza jina la kitu chako kwenye jukwaa la mnada, matangazo unayoyaona kwanza ni ya vitu ambavyo bado havijauzwa. Hizo ni ndoto za wauzaji. Tafuta kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, angalia angalau mauzo kumi ya kitu kinachofanana kabisa na chako kwa modeli na hali, kisha shika bei ya katikati. Ile ya juu kabisa iache. Mara nyingi aliyeipata alikuwa na boksi la asili, vifaa vyote na miaka mingi ya sifa nzuri.

Hatua ya 2: Funga mzigo kabla ya kutangaza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi inapopotelea na ndipo watu wachache wanapoangalia.

Niliwahi kuuza redio ya mezani yenye kabati la mbao. Niliipima kwenye mizani ya jikoni, ikatoka kilo 4 kasoro kidogo. Nikaandika kwenye tangazo gharama ya kusafirisha mzigo wa kilo 4, mnada ukaisha vizuri, na mimi nikaenda kutafuta boksi. Nililopata lilikuwa na urefu wa sentimita 50, upana 40 na kimo 35. Nikajaza mapengo kwa karatasi na plastiki ya mapovu, nikalifunga, nikalipeleka. Kwa kampuni ya usafirishaji waliniambia mzigo ni wa kilo 14.

Hawakunidanganya. Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito wa ujazo: zidisha urefu kwa upana kwa kimo katika sentimita, gawanya kwa 5000, halafu linganisha jibu na uzito wa mizani. Unalipa ule mkubwa. Boksi langu lilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 70,000, na 70,000 ukigawanya kwa 5000 unapata 14. Ndege na gari hujaa nafasi kabla ya kujaa uzito, kwa hiyo hewa uliyoifungia ndani ya boksi nayo inalipa nauli.

Redio yenyewe ilikuwa na sentimita 34 kwa 22 kwa 18. Kama ningeipa sentimita 6 za kinga kila upande, boksi lingekuwa 46 kwa 34 kwa 30, yaani kilo 9.4 za ujazo, ambazo kwa kawaida zingepandishwa mpaka 9.5. Bado ni zaidi ya mara mbili ya mizani, lakini ni kilo 4.5 chini ya nilizolipia. Tofauti hiyo yote niliibeba mimi, kwa sababu mnunuzi alikuwa ameshalipa gharama niliyoiandika mwenyewe.

Basi fanya hivi. Tafuta boksi, weka kitu ndani na kinga zake, funga bila gundi ya mwisho, pima kwa mizani na kwa futi ya utepe, piga hesabu ya ujazo, ndipo uandike gharama ya usafirishaji. Hesabu pia bei ya boksi, selotepu na plastiki ya mapovu. Ukinunua boksi mojamoja dukani gharama hiyo ni nzito kuliko unavyofikiri. Mimi hutunza kila boksi zuri linaloingia nyumbani, nalibomoa, nalilaza chini ya kitanda. Ila usibane matumizi kwenye kinga. Rahisi ghali: kitu kikivunjika njiani kwa sababu ya ufungaji mbaya, hata bima uliyolipia inaweza kukataa dai lako.

Hatua ya 3: Soma orodha ya ada mpaka mstari wa mwisho

Asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa siyo ada yote. Jiulize inakatwa kwenye kiasi gani. Kwenye majukwaa kadhaa kamisheni hupigwa kwenye jumla yote anayolipa mnunuzi, ikiwemo gharama ya usafirishaji, na mahali pengine hata kodi ya mauzo. eBay, jukwaa kubwa la minada ya mtandaoni, ilianza kukata kamisheni kwenye gharama ya usafirishaji mwaka 2011, kwa sababu baadhi ya wauzaji walikuwa wakiuza kitu kwa bei ya kutupa na kupachika faida yao kwenye nauli. Kwa hiyo hata fedha inayopita tu mkononi mwako kwenda kwa msafirishaji inakatwa.

Baada ya hapo tafuta hizi: ada ya kuweka tangazo, ambayo hairudi hata kitu kisipouzwa, na hutozwa tena ukikitangaza upya, ada ya kudumu kwa kila muamala, inayouma sana kwenye vitu vya bei ndogo, ada ya kuweka bei ya chini ya siri, yaani ile ambayo dau lisipoifikia kitu hakiuzwi, ada ya kulitangaza tangazo lako lionekane juu, nyongeza ya mnunuzi aliye nchi nyingine, na ubadilishaji wa fedha. Hii ya mwisho ndiyo iliyofichwa vizuri kuliko zote. Huioni kama ada, kwa sababu imo ndani ya kiwango cha kubadilishia chenyewe. Linganisha kiwango ulichopewa na kile cha soko siku hiyohiyo, na tofauti ndiyo ulichotozwa.

Neno "bure" nalo lichunguze. Kwa wauzaji binafsi, eBay iliondoa ada za kuuza Ujerumani mwaka 2023 na Uingereza Oktoba 2024. Uingereza, miezi michache baadaye, mnunuzi akaanza kulipa ada ya ulinzi juu ya bei ya kitu. Pesa haikutoweka, imehamia upande wa pili wa meza. Mnunuzi mwenye akili huondoa ada yake kichwani kabla ya kutoa dau, kwa hiyo sehemu yake unailipa wewe kwa kupata dau dogo zaidi.

Hatua ya 4: Hesabu kwa kurudi nyuma

Chukua kitu kilichoshinda kwa 100, mnunuzi akalipa 20 za usafirishaji. Jumla 120. Tuseme kamisheni ni asilimia 13 na umelipia asilimia 2 za kutangazwa: asilimia 15 ya 120 ni 18. Usafirishaji halisi ulikuwa 23, siyo 20. Boksi na vifaa vya kufungia, 6. Toa zote: 120 kasoro 18, kasoro 23, kasoro 6. Umebaki na 73, na hapo hakuna kilichoharibika.

Sasa igeuze. Sema kwa kitu hicho huwezi kukubali chini ya 60 mkononi. Jumlisha 60, usafirishaji halisi 23 na ufungaji 6, unapata 89. Gawanya kwa 0.85, yaani sehemu inayobaki baada ya asilimia 15 kukatwa, unapata karibu 105. Ondoa 20 anazolipa mnunuzi kwa usafirishaji, inabaki 85. Hiyo ndiyo sakafu yako, na kitu kikiuzwa chini ya 85 unaanza kula kilicho chako. Kama kuna ada ya kudumu ya muamala, iongeze kwenye 89 kabla ya kugawanya.

Ukiweka kando asilimia kidogo ya kila mauzo kama akiba ya marejesho, utalala vizuri zaidi. Mimi huweka 5. Kuna mwaka akiba hiyo haikuguswa, na kuna mwaka ilikwisha yote kwa mzigo mmoja.

Hatua ya 5: Amua kama kitu hiki ni cha mnada kweli

Watu wengi huamini kwamba ukianza na bei ya chini sana, umati utakuja na dau litapanda lenyewe. Angalia jinsi mnada wa mtandaoni unavyofanya kazi. Mtu huingiza kiwango chake cha juu kabisa, kisha mfumo humpandishia dau kidogokidogo kadiri anavyopata mpinzani. Bei ya mwisho basi haiamuliwi na anayekitaka sana. Inaamuliwa na wa pili wake. Mtu anaweza kuwa tayari kutoa 200, lakini wa pili akiishia 40, anakichukua kwa 41 au 42. Asipokuwepo wa pili, anakichukua kwa bei uliyoanzia.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, wiki hii wapo angalau watu wawili wanaokitafuta kitu hiki kwa bidii? Lenzi ya modeli inayojulikana, toleo la kwanza la kitabu kinachokusanywa, saa yenye wapenzi wake, hivyo viweke mnadani. Sufuria ya umbo la pekee, kebo ya mashine iliyoacha kutengenezwa, kifuniko cha modeli fulani ya kamera, hivi vina mnunuzi mmoja kila baada ya miezi. Weka bei isiyobadilika, usubiri. Nilipoteza zaidi kwa kuuza vitu adimu mnadani kuliko kwa ada zote za mwaka huo.

Chagua pia saa ya kufunga. Wanunuzi wazoefu hutoa dau sekunde za mwisho, na mnada unaoisha wakati wapenzi wa kitu hicho wamelala au wako kazini unawafungia mlango. Na usimwombe rafiki akusaidie kupandisha dau. Huo ni udanganyifu, majukwaa hufunga akaunti kwa kosa hilo na nchi kadhaa zina sheria dhidi yake. Akishinda kwa bahati mbaya, ada unalipa na kitu bado kiko rafuni.

Kuna na mshindi asiyelipa. Utasubiri siku zinazotakiwa, utafuta muamala, utaomba ada irudishwe, kisha utamtafuta wa pili, ambaye pengine ameshanunua kwingine. Zuia mapema kwa kuwasha mpangilio wa kumtaka mnunuzi aweke njia ya malipo kabla ya kutoa dau, kama jukwaa lako linao.

Hatua ya 6: Andika kasoro kana kwamba unamwandikia anayetaka kukirudisha

Gharama inayoweza kula faida ya mauzo matano kwa siku moja ni mzigo unaorudi. Mnunuzi akisema kitu hakilingani na maelezo na jukwaa likakubaliana naye, kwa kawaida unamrudishia pesa yote pamoja na usafirishaji wa kwanza, na unalipia usafirishaji wa kurudi. Sehemu ya ada inaweza isirudi. Huduma ya malipo ya mtandaoni ya PayPal, kwa mfano, tangu 2019 haimrudishii muuzaji ada ya muamala anapomrejeshea mnunuzi pesa. Na kuandika "hakuna kurudisha" hakukukingi hapa. Maneno hayo yanazuia aliyebadili mawazo. Aliyepata kitu tofauti na alichoahidiwa bado analindwa.

Lilinipata kwa lenzi ya kamera. Niliitazama mchana dirishani, kioo cha mbele kinang'aa, nikaandika "safi kabisa". Siku kumi baadaye mnunuzi akanitumia picha: ndani ya kioo, pembeni kabisa, kulikuwa na nyuzinyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui. Ni ukungu. Alikuwa ameuona kwa njia ambayo mimi sikuitumia, nayo haichukui dakika moja: zima taa, fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiigeuza polepole. Alikuwa na haki, nami nililipa nauli za kwenda na kurudi. Lenzi ileile niliiuza tena ikiwa na picha ya ukungu ikiwa ya kwanza kwenye tangazo, ikaenda kwa bei ya chini kidogo tu, na haikurudi.

Kasoro iliyotajwa haifukuzi wanunuzi kama tunavyoogopa. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada uliokuja kuwa eBay mwaka 1995, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza iliyoharibika, iliyokwenda kwa dola 14.83. Aliwasiliana na mnunuzi kuhakikisha amesoma kwamba haifanyi kazi. Alikuwa amesoma, naye alikuwa akikusanya za namna hiyo.

Piga picha kila mkwaruzo ukiwa na rula pembeni. Taja harufu: ya sigara, ya unyevu, ya kabati. Taja kisichojumuishwa, kama chaja au betri, kwa sentensi yake yenyewe. Kitu usichoweza kukijaribu, sema hujakijaribu na kiuze kama kibovu. Simu na kompyuta zifutwe data zote na, la muhimu kuliko yote, uondoe akaunti yako kwanza. Simu iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe inamfikia mnunuzi kama tofali, na itarudi.

Hatua ya 7: Jikinge tangu boksi linapofungwa

Piga picha ya namba ya utambulisho ya kifaa. Rekodi video fupi isiyokatika, kitu kikiingia kwenye boksi mpaka anwani inapobandikwa. Hizi zitakusaidia siku mtu atakapodai boksi lilikuwa tupu, au atakaporudisha kifaa kibovu cha kwake badala ya chako.

Tuma kwa namba ya ufuatiliaji daima, hata kwa kitu kidogo, na kwa kitu cha thamani lipia saini ya mpokeaji. Ni gharama, iweke kwenye hesabu ya hatua ya 4. Mnunuzi akitaka kukichukua mwenyewe lakini ameshalipa mtandaoni, uwe mwangalifu: bila uthibitisho ambao jukwaa linautambua, anaweza kudai hakukipata. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa hata ndani ya siku 120, kwa hiyo usifute picha wala risiti kabla ya miezi minne kupita.

Muuzaji mpya ajue pia kwamba pesa yake inaweza kuzuiwa mpaka mzigo ufike. Gharama ya usafirishaji itatoka mfukoni mwako kwanza.

Ukiuza nje ya nchi

Fikiri mara mbili kwa vitu vya bei ndogo. Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo isiyozidi yuro 22 tangu Julai 1, 2021, na Marekani ikasimamisha msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 tangu Agosti 29, 2025. Mnunuzi asiyejua hilo hukutana na bili ya forodha mlangoni, hukataa mzigo, nao hurudi kwa gharama yako au hautarudi kabisa. Andika wazi kwenye tangazo kwamba ushuru ni wa mnunuzi. Akikuomba uandike "zawadi" au upunguze thamani kwenye fomu ya forodha, kataa. Ni kosa kisheria, na mzigo ukipotea utalipwa thamani ile uliyoiandika.

Betri za lithiamu zina masharti yake. Tangu Aprili 1, 2016, betri za lithiamu-ayoni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Ulizia kabla ya kutangaza, siyo ukiwa kaunta.

Kodi na saa zako

Katika nchi nyingi, kuuza kitu chako cha nyumbani kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia hakuzai faida ya kutozwa kodi. Lakini lazima uweze kuonyesha. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2023 majukwaa hutakiwa kuripoti wauzaji waliofikisha mauzo 30 kwa mwaka au kuvuka yuro 2000. Tafuta risiti za zamani na uzihifadhi pamoja na rekodi za mauzo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Halafu pima muda. Niliwahi kuweka saa kwa kitu kimoja tangu kukifuta vumbi mpaka kurudi kutoka posta: kusafisha, picha, maelezo, maswali ya watu sita, kufunga, foleni. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Kitu kilichoniachia 9 baada ya makato hakikustahili saa hizo. Siku hizi hukusanya vitu, napiga picha zote siku moja kwenye mwanga mmoja, nafunga vyote jioni moja na kupeleka safari moja. Vidogo vya aina moja huviuza kwa fungu.

Na vikubwa, vizito, vya bei ndogo sivitangazi tena mnadani. Kabati la vitabu nililokuwa nalo liligoma kwenye hesabu ya hatua ya 4: usafirishaji peke yake ulizidi bei yake. Nililiuza kwa mtu aliyekuja kulichukua na gari lake, kwa nusu ya nilichotarajia, na ile nusu yote ikabaki mfukoni.